Barua kutoka Michigan: watoto wa Kasekese wahesabiwe mara mbili

Kwa watu wa Kasekese, Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, kutoka kwa mtoto wao aliyeko Grand Rapids, Michigan. Salamu zisubiri, kwa sababu aliyeshika kalamu ana hasira.

Jumatano ya kwanza ya Oktoba, jimbo zima la Michigan huhesabu watoto waliomo madarasani. Shule hubembeleza siku hiyo. Wazazi hutumiwa ujumbe wa simu siku kadhaa kabla, kuna shule zinazogawa piza, nyingine hutoa zawadi kwa darasa ambalo halikukosa mtu. Sababu ni fedha. Kila kichwa kilichomo darasani kina bei yake, na shule iliyofanya uzembe Oktoba itabana matumizi hadi mwaka uishe. Jumatano ya pili ya Februari watoto huhesabiwa tena. Hesabu ya Oktoba hubeba asilimia 90 ya mgawo, ya Februari asilimia 10.

Kwa mwaka wa masomo 2025/26, bei ya kichwa kimoja ni dola 10,050. Kasekese wanaijua namba inayofanana na hiyo. Ruzuku ya uendeshaji kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali Tanzania ni 10,000. Shilingi. Kwa mwaka mzima.

Wajuzi watakimbilia kusema kwamba mishahara ya walimu wa Michigan imo ndani ya dola hizo, wakati mwalimu wa Katavi analipwa na Hazina kwa fungu jingine. Ni kweli, na hakuna mwenye akili anayedai Tanzania iwe tajiri kama Marekani kufikia Julai. Kilichomchoma mwandishi ni kwamba namba ya Michigan inagombaniwa. Mwaka 2025 wanasiasa wa huko walishindwa kuafikiana kufikia tarehe 1 Julai, shule zikafunguliwa bila bajeti, na kelele hazikukoma hadi gavana aliposaini mwezi Oktoba. Ni aibu, lakini walikuwa wanatoana jasho kwa ajili ya fedha ya mwanafunzi, na kiwango kikapanda kutoka dola 9,608. Shilingi 10,000 ya Tanzania iliingia na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, mwaka 2002, wakati ilikuwa sawa na dola kama 10. Leo ni kama dola nne. Zaidi ya miaka ishirini imepita, marais wamebadilika, bei ya karatasi imepanda, kiwango kimekaa palepale, na asasi kama HakiElimu zimelisemea jambo hilo hadi zikakaukiwa sauti.

Na hiyo 10,000 yenyewe haifiki shuleni yote. Kwa mgawo uliowekwa, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazoteremka. Shule yenye watoto 1,000 hupata shilingi milioni 6 kwa mwaka, yaani laki tano kwa mwezi, za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati wa vyoo, michezo na kufuli la ofisi. Hapo mwalimu mkuu wala hajaanza kulalamika. Anaanza kulalamika watoto wanapokuwa wengi kuliko wale walioandikwa kwenye makisio, na Katavi ndiko hilo linakotokea kila mwaka.

Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Katavi, uliokuwa umetoka kumegwa kutoka Rukwa, ukiwa na watu 564,604. Sensa ya Agosti 2022 ikahesabu 1,152,958. Hakuna mkoa mwingine uliokua kwa kasi hiyo: asilimia 7.1 kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikua kwa asilimia 3.2. Kilimanjaro, kwa miaka hiyohiyo kumi, imetoka watu milioni 1.64 hadi milioni 1.86. Sababu za Katavi mnazijua kuliko mtakwimu yeyote. Kuna ardhi, kuna mvua, wakulima na wafugaji wanaingia kutoka Tabora, Shinyanga na Kigoma, na kuna makazi ya Mishamo na Katumba, ambako waliokimbia Burundi mwaka 1972 walizaa, wakalima, na wengi wao wakapewa uraia. Lori likishusha familia Kasekese mwezi wa saba, watoto wanaripoti shuleni mwezi huohuo. Mwalimu hawezi kuwarudisha walikotoka, na hatakiwi kuwarudisha.

Sasa itazameni kalenda ya bajeti. Takwimu za shule hukusanywa kwa kuhesabia tarehe 31 Machi. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini halmashauri huanza kuandaa makisio miezi mingi kabla, ukomo wa bajeti ukishateremka kutoka Hazina. Makisio ya 2025/26 yaliandaliwa kati ya mwisho wa 2024 na mwanzo wa 2025, kwa hiyo hesabu kamili ya karibu iliyokuwepo ni ya Machi 2024. Mwaka huo wa fedha unamalizika Juni 2026, na kufikia hapo hesabu ina umri wa miezi 27.

Kwa ukuaji wa asilimia 7.1, mahali penye watoto 1,000 panakuwa na karibu 1,150 ndani ya miaka miwili. Hao 150 wapo, wanakaa chini, wanachungulia kitabu cha jirani, lakini kwenye makaratasi hawajazaliwa. Ni kumshonea mtoto sare kwa vipimo vya mwaka juzi, halafu kumchapa kwa sababu vifungo havifungi. Kwa Kilimanjaro utaratibu huu unakwenda bila maumivu makubwa. Kwa Kasekese ni shilingi 900,000 ambazo mwalimu mkuu anatakiwa kuzitoa hewani, na kwa desturi ya Tanzania, hewani maana yake ni mifukoni mwa wazazi, kwa jina la mchango wa hiari ambao mtoto asipouleta anarudishwa nyumbani.

Kwa hiyo mwandishi ana ombi moja, na ataling'ang'ania hadi mchoke naye. Watoto wahesabiwe mara mbili kwa mwaka. Hesabu ya Machi ibaki. Ya pili ifanyike Jumatano ya mwisho ya Septemba, mavuno yakiwa yameshatoka shambani, waliohama wakiwa wameshafika, na halmashauri ikiwa bado haijaanza kuandika makisio. Ifanywe na mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati ya shule na mtendaji wa kijiji, darasa kwa darasa, kwa daftari la mahudhurio lililopo tayari. Wote watatu wasaini, na karatasi ibandikwe ubaoni ili mzazi yeyote akaisome. Kisha Sheria ya Bajeti ya 2015 iongezewe kifungu kimoja kinachosema kwamba ruzuku ya shule itakokotolewa kwa hesabu ya Septemba, na kwamba kiwango chake kitapanda kila mwaka kwa mfumuko wa bei unaotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu.

Ombi hilo halihitaji ofisi mpya, gari jipya wala mkopo. Tangu 2016 fedha za ruzuku huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, kwa hiyo njia ya kuzipitisha ipo. Atakayepinga atataja wanafunzi hewa. Ni kweli, uhakiki wa mwaka 2016 uliibua makumi ya maelfu ya wanafunzi walioishi kwenye makaratasi tu. Lakini waliwezaje kuishi muda wote huo? Hesabu ilikuwa siri ya shule na halmashauri. Mwanafunzi hewa hawezi kudumu kwenye ubao unaosomwa na mama aliyeleta watoto wanne na anayejua darasa la tatu lina mikondo mingapi.

Fedha zinapotakiwa, huwa zinaonekana. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20, yakasimama ndani ya miezi michache. Ilikuwa kazi nzuri, na mwandishi aliisifu hadharani. Kukawa pia na miradi ya SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa msingi, yote kwa fedha za Benki ya Dunia. Majengo yanapata wafadhili kwa sababu yana utepe wa kukatwa. Chaki haikatwi utepe. Hakuna mbunge aliyewahi kupiga picha akizindua ongezeko la ruzuku, na ndiyo maana darasa jipya la milioni 20 linakabidhiwa shule ambayo ruzuku yake ya mwaka mzima haifiki theluthi ya gharama ya darasa hilo.

Watu wa Wilaya ya Tanganyika wameshaonyesha wanavyoweza kujipangia. Vijiji vinane vinavyolinda misitu ya Ntakata, vikiwemo Mwese, Katuma na Kapanga, vimepokea mabilioni ya shilingi ya hewa ukaa kupitia kampuni ya Carbon Tanzania, na mikutano ya vijiji ikaamua yenyewe kujenga madarasa na zahanati. Hongera zao. Lakini Kasekese haimo kwenye vile vinane, na haki ya mtoto kupata kitabu haiwezi kutegemea kama babu yake alizaliwa karibu na msitu unaouzika.

Hapa mwandishi anasikia swali linalokuja, tena kwa sauti ya baba yake mdogo: wewe uliyeondoka unatufundisha nini? Swali ni la haki. Alisoma bure kwa kodi na makato ya wakulima wa tumbaku na mahindi, akaondoka na elimu hiyo, na matunda yake yanaliwa kwingine. Kuna jambo ambalo hajawahi kuwaambia. Michigan ilipobadili mfumo wake wa fedha za shule mwaka 1994, ilipandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 4 hadi 6, na sehemu kubwa ya kodi hiyo huingia kwenye mfuko wa shule. Kila anaponunua viatu au sabuni, anamsomesha mtoto wa Grand Rapids, apende asipende, akumbuke asikumbuke. Mtoto wa Kasekese anapata kile kinachotumwa kwa simu mwandishi anapokumbuka. Anapotuma fedha za madawati na kamati ikamjibu kwa shukrani ndefu, huisoma harakaharaka na kuifuta.

Lakini hatia yake haiwafutii ninyi ya kwenu. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu. Unakutana? Ukikutana, akidi inatimia, au waliohudhuria ni walewale wazee na vijana waliosikia kuna posho? Taarifa ya mapato na matumizi ya shule ikisomwa, nani huuliza idadi ya watoto iliyotumika ni ya mwaka gani? Kampeni zikifika mnaimba, mnavaa fulana, diwani anaahidi kalavati na mbunge anaahidi lami. Ruzuku haitajwi na yeyote, kwa kuwa hamjawahi kumfanya mwanasiasa yeyote aiogope. Wazazi wa Michigan hawana akili kuliko mama wa Kasekese anayejua kwa kichwa bei ya gunia la mahindi Mpanda mjini na bei ya kulisafirisha. Wana namba moja tu wanayoijua wote, na wanamwuliza kila mgombea ataifanyia nini.

Na muda wenyewe haupo. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Watoto waliokuwa la tatu mwaka huo watamaliza la sita mwishoni mwa 2027. Waliokuwa la nne watamaliza la saba mwishoni mwa mwaka huohuo. Januari 2028 madarasa mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja, nchi nzima, na Katavi yatagonga yakiwa na wageni wa miaka miwili ambao hesabu ya zamani haiwajui. Bajeti ya kuwapokea ni ya 2027/28, na makisio yake yataanza kuandikwa mwishoni mwa 2026. Septemba 2026 ndiyo hesabu pekee inayoweza kuwaona kabla kalamu haijagusa karatasi huko Majalila, yalipo makao ya halmashauri.

Serikali ikiwa haijaagiza, Kasekese ihesabu yenyewe. Hakuna sheria inayokataza kamati ya shule kuhesabu watoto wake. Karatasi ziingie kwenye mkutano wa kijiji, zipite Kamati ya Maendeleo ya Kata, muhtasari upigwe muhuri na mtendaji, diwani aupeleke halmashauri, na nakala iende kwa mbunge na kwa Kamati ya Bunge ya Bajeti. Gharama za kurudufu, nauli ya kwenda Majalila na chai ya wahesabuji atalipa mwandishi. Madawati mwaka huu hatatuma, na mwenyekiti wa kamati asimpigie simu kuhusu hilo. Mama mdogo ameshatumiwa fedha yake ya dawa. Picha za muhtasari zitumwe kwa namba ileile, mtendaji anayo.