Mkuu wa Idara na Kiti Kitupu

Mwishoni mwa Januari 2025, Dar es Salaam ilipowapokea wakuu wa nchi za Afrika kwa ajili ya mkutano wa nishati, watumishi wa umma jijini humo walielekezwa kufanyia kazi nyumbani kwa siku mbili ili barabara zipitike. Tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo, siku moja baada ya Uchaguzi Mkuu, agizo kama hilo likatolewa tena, safari hii kwa nchi nzima, huku intaneti ikiwa imezimwa. Siku zile zina msiba wake, na msiba huo haustahili kusimuliwa pembeni mwa makala ihusuyo utumishi. Hapa nabaki na swali dogo tu: mtumishi aliyeambiwa afanyie kazi nyumbani alitakiwa afanye kazi gani?

Nimewauliza baadhi ya wanafunzi wangu wa shahada ya uzamili, ambao wengi wao wameajiriwa serikalini. Majibu yao yanafanana: hakuna aliyewaambia. Januari, ambapo mtandao ulikuwepo, hali ilikuwa ileile. Walikaa nyumbani, wakasubiri kupigiwa simu, simu haikupigwa. Mmoja alisema kwamba ilikuwa likizo isiyokatwa kwenye siku zake 28.

Wenzetu wa Kenya walianza mapema zaidi. Rais Uhuru Kenyatta alipoagiza, tarehe 15 Machi 2020, kwamba wafanyakazi wa serikali na wa kampuni waruhusiwe kufanyia kazi nyumbani isipokuwa wale wa huduma za lazima, ofisi za Nairobi zilipata miezi mingi ya kujifunza kwa shida. Sisi tunapewa siku mbilimbili, na kila mara tunaanza upya.

Ni desturi kuulaumu mtandao, umeme na bei ya bando. Lawama hizo ni za haki, lakini mimi naona kwamba kasoro ya kwanza iko kwa msimamizi. Katika ofisi zetu nyingi, kazi hupimwa kwa macho. Saa 1:30 asubuhi mstari mwekundu unapigwa katika kitabu cha mahudhurio; aliyesaini juu ya mstari ni mtumishi mwema, aliyesaini chini yake ana maelezo ya kutoa. Baada ya hapo, koti likining'inia kwenye kiti, mwenye koti anahesabiwa kuwa yupo. Mkuu wa idara aliyezoea kipimo hiki akikiona kiti kitupu hana tena namna ya kujua kama kazi inakwenda, kwa sababu hata kiti kilipokuwa na mtu hakuwa akijua.

Vyombo vya kupimia havikukosekana. Tangu mwaka 2004 tulikuwa na OPRAS, na sasa tuna PEPMIS, ambamo kila mtumishi hujaza majukumu yake na msimamizi huyaidhinisha. Lakini majukumu mengi yanayojazwa humo yamenakiliwa kutoka kwenye muundo wa utumishi, hadi ule mstari wa mwisho maarufu: kufanya kazi nyingine kama atakavyopangiwa na mkuu wake wa kazi. (Wapo ambao mstari huo ndio kazi yao yote.) Jukumu lililoandikwa hivyo haliwezi kupelekwa nyumbani. Linaloweza kwenda nyumbani ni lile lenye mwisho: dokezo la kurasa tatu kuhusu madeni ya wazabuni, lifike kwa mkurugenzi Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Kulivunja jukumu pana hadi likafika hapo ni kazi ngumu ya akili, na ndiyo kazi anayolipwa msimamizi.

Utafiti wa Nicholas Bloom na wenzake katika kampuni ya Ctrip ya China, uliochapishwa mwaka 2015, hutajwa sana na watetezi wa kazi za nyumbani. Wafanyakazi wa kituo cha simu waliokaa nyumbani siku nne kati ya tano kwa miezi tisa waliongeza utendaji kwa asilimia 13. Watetezi hao huishia hapo, ilhali masharti ndiyo yenye somo. Walioshiriki walijitolea wenyewe, walikuwa wamefanya kazi hapo angalau miezi sita, na ilibidi wawe na chumba cha kufanyia kazi na intaneti nyumbani. Idadi ya simu zao ilihesabika. Jaribio lilipokwisha na kila mmoja akapewa hiari, takriban nusu ya wale waliokuwa nyumbani walirudi ofisini. Upweke ulikuwa sababu kubwa. Tena, ukilinganisha watu wenye utendaji sawa, wa nyumbani walipandishwa vyeo mara chache zaidi. Waliosahaulika ni wale wasioonekana, hata pale ambapo takwimu ziliwatetea.

Sasa mtazame karani anayeishi vyumba viwili Mbagala na watoto watatu, au ofisa wa kike ambaye, akionekana tu nyumbani mchana, mama mkwe na majirani wanahesabu kwamba hana shughuli. Msimamizi anayewapangia kazi bila kuuliza wana meza gani na nani analipia bando amehamishia gharama za ofisi kwenye mfuko wa mtumishi. Kwa ajira mpya napendekeza wasiende nyumbani kabisa katika mwaka wao wa kwanza. Dokezo hujifunzwa kwa kukaa karibu na aliyeliandika kwa miaka ishirini. Na dereva, mlinzi na mhudumu, ambao kazi yao haibebeki, wana haki ya kuambiwa watafidiwaje, badala ya kuachwa wawatazame wenye kompyuta wakiondoka.

Usiku nao una habari yake. Kundi la WhatsApp la idara likishakuwa ofisi, mkuu hutuma maagizo saa nne usiku na kutarajia alama ya kidole gumba papo hapo. Ufaransa iliweka kwenye sheria, kuanzia 1 Januari 2017, kwamba kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutopatikana nje ya saa za kazi. Kwetu mkuu wa idara hahitaji kusubiri Bunge. Atangaze saa zake na azishike yeye kwanza.

Ningependa idara moja ijaribu Ijumaa moja tu kwa mwezi, kwa hiari, kabla ya agizo jingine kuja. Ndani ya saa mbili itajua ni faili lipi halikuwahi kuingizwa kwenye mfumo, na kwamba mwenye ufunguo wa kabati la masijala amesafiri.