Kiswahili si Lugha ya Kuamrishia



Mwaka 2021 UNESCO iliamua kuwa tarehe 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani. Tangu hapo, kila ifikapo siku hiyo, sisi tulio katika nchi jirani na chimbuko la lugha hii huungana na wenzetu wa pwani kuisifu. Husemwa kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja, lugha ya utu, lugha isiyo na kabila. Ngoma hupigwa, mashairi husomwa, hotuba hutolewa. Lakini tarehe 8 Julai baadhi ya wenzetu hapa Bujumbura hurudi katika nyumba za wageni, wakafungua madaftari, wakaendelea kufundisha kitu ambacho hakina umoja wala utu ndani yake. Tunakusudia kusema juu ya kitu hicho, wala hatutazunguka: ni lugha ya kuamrishia watu, nayo haistahili kuitwa Kiswahili.

Yafaa kwanza tuyaeleze maisha yenyewe. Mume na mke wa kigeni huletwa na mkataba wa miaka miwili au mitatu. Aghalabu mkataba huo ni wa mmoja wao tu. Mwingine amefuatana naye. Huishi Kiriri au Rohero, katika nyumba yenye ukuta, lango la chuma na mwembe uani. Mwenye mkataba hutoka asubuhi kwenda ofisini, ambako Kifaransa au Kiingereza kinamtosha mpaka jioni. Mwenzake, ambaye zamani alikuwa mke siku zote na siku hizi pengine ni mume, hubaki nyumbani pamoja na joto la ziwani, umeme ukatikao, na watu wanne: mpishi, yaya, mtunza bustani na zamu wa langoni. Tazama, kwa njia, jinsi neno lenye maana ya nafasi ya mtu kushika kazi lilivyogeuka katika nchi yetu kuwa jina la mtu mwenyewe. Watu hao wanne ndio jamii ya mgeni huyu. Saa anazokaa nao mchana ni nyingi kuliko anazokaa na mwenzi wake wa ndoa. Basi anapotafuta mwalimu hafanyi anasa. Anatafuta njia ya kuishi. Je, anapewa nini?

Tumeyaona madaftari mengi ya wanafunzi wa namna hii. Ukurasa wa kwanza: leta, ondoa, osha, pika, fua, piga pasi. Ukurasa wa pili: fungua, funga, ngoja, haraka, si hivyo. Ukurasa wa tatu: majina ya vyombo vya jikoni. Ukifunua mpaka mwisho hutakuta „pole”, hutakuta „umeamkaje”, hutakuta „samahani”, wala hutakuta namna ya kumwuliza mtu ana watoto wangapi. Aliyelihitimu daftari hilo aweza kuendesha nyumba nzima pasipo kujua mpishi wake ametoka wapi na analala wapi. Na juu ya yote huja lile neno „boi”. Mtu mwenye mvi na wajukuu huitwa mtoto wa kiume kwa lugha ya kigeni, na mwalimu wa Kiswahili huliandika neno hilo kana kwamba ni neno kama mengine.

Mtu atasema kwamba wageni ndivyo walivyo tangu zamani. La hasha! Historia yakanusha. Mwezi Mei 1844 mume na mke walifika Mombasa: Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, na mkewe Rosine. Hawakuwa na kamusi mkononi wala kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Mwezi Julai mwaka huohuo homa ilimwua Rosine, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata baada ya siku chache. Krapf alibaki. Alikaa na wenyeji, akauliza, akaandika. Mwaka 1850 alichapisha sarufi, na kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Hatukubaliani na kila alilolikusudia, maana alikuja kubadili imani za watu. Lakini ili abadili imani alilazimika kwanza kusikiliza, kwa kuwa hakuwa na serikali nyuma yake. Alikuwa mgeni katika mji wenye wenyewe.

Sasa tuvuke miaka tisini na miwili. Mwaka 1936, Kenya ikiwa koloni, F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara. Jina lake refu liliwataja waliokusudiwa: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Kiswahili kilichozagaa katika mashamba na majiko ya walowezi ndicho kilichopata kuitwa Kisetla: ngeli zimeanguka, kitenzi kimebaki uchi, na ukanushaji wote umefanywa neno moja, „hapana”. „Mimi hapana taka.” Upande huu wetu, chini ya Wabelgiji, mambo hayakuwa mbali na hayo. Mwaka 1986 Johannes Fabian alichapisha uchunguzi wake juu ya Kiswahili na mamlaka ya kikoloni katika Kongo ya Kibelgiji tangu 1880 hadi 1938, akaonyesha jinsi vitabu vya msamiati walivyoandikiwa Wazungu vilivyoelemea kwenye kuamuru.

Linganisha basi. Mgeni asiye na mamlaka alijifunza lugha nzima. Mgeni mwenye mamlaka alitosheka na kipande. Kadiri nguvu zilivyoongezeka, ndivyo maneno yalivyopungua. Hatusemi kwamba wasomi wote wa wakati ule walikuwa hivyo, maana wapo waliotuachia kamusi tunazozitumia hata leo. Twasema kwamba Kisetla hakikuletwa na ugumu wa Kiswahili, wala joto, wala uchache wa muda. Kililetwa na kutokuwa na haja ya kujibiwa. Bendera za wakoloni zilishushwa hapa kwetu mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963. Kwa nini basi daftari lao lingali mikononi mwetu?

Sisi tufundishao sarufi tunajua kwamba adabu ya Kiswahili haimo katika neno „tafadhali” peke yake. Imo ndani ya kitenzi. „Lete maji” ni amri tupu, kama ya mzazi kwa mwanawe. „Niletee maji” tayari imebadilika: kauli ya kutendea yasema kwamba kuna mtu anayefanyiwa hisani. „Uniletee maji” yaenda mbele zaidi, kwa sababu yule anayeambiwa naye ametajwa. „Naomba uniletee maji” yampa nafasi ya kukubali. Silabi moja tu, u-, ndiyo inayomrudisha mpishi katika sentensi. Anayemfundisha mgeni „lete” na kuishia hapo hakumfupishia njia, amemtoa mtu mmoja nje ya lugha.

Tena jambo hili si la mapambo. Amri haihitaji jibu, bali maisha ya nyumbani yamejaa majibu. Chukueni mfano wa sukari. Mwenye nyumba aona kopo tupu, auliza: „Sukari wapi?” Mpishi aweza kujibu kwamba imekwisha, au imemwagika, au watoto wameila, au jirani aliazimwa jana kwa idhini ya baba mwenye nyumba. Hayo ni majibu manne yaliyo mbalimbali, na mwanafunzi wa daftari la amri hasikii hata moja. Asikia sauti ya mtu anayejitetea. Mwisho wa mwezi mtu amepoteza kazi, na watoto wake kule Kamenge au Kinama wamekosa ada ya shule, kwa sababu ya sarufi.

Wala hasara si ya mpishi peke yake. Wazazi warudi usiku, yaya awaambia kwamba mwili wa mtoto unawaka tangu saa kumi na mbili, kwamba amekataa kula, na kwamba ameanza kushtuka-shtuka usingizini. Katika nchi yenye malaria kila neno kati ya hayo lina uzito wa uhai. Mzazi ambaye Kiswahili chake ni „leta” na „ondoa” atayapokeaje? Na hata siku zikiwa za heri, yule aliyebaki nyumbani ataishi mpweke miaka yake yote miwili, huku watu wanne wakipita mbele yake toka asubuhi hadi jioni. Amri huleta utii, haileti mazungumzo. Wengi wa wageni hawa ni watu wema waliokuja kwa nia njema, nao hawakuagiza Kisetla. Waliagiza lugha, wakauziwa Kisetla.

Wapo wenzetu watakaotujibu kwa hoja tatu. Ya kwanza ni ya muda: mgeni hakai sana, hawezi kumaliza sarufi yote. Nani aliyedai sarufi yote? Kujifunza „naomba uniletee” hakumalizi muda mwingi kuliko kujifunza „lete” na kisha kujifunza kuomba radhi.

Hoja ya pili ni ya hila. Husemwa kwamba Kiswahili cha Buyenzi chenyewe hakifuati ngeli za vitabuni, basi kwa nini tuwabane wageni? Tunajibu: mwanamke auzaye ndagala katika soko la Ruvumera aweza kuvunja upatanisho wa kisarufi mara kumi kwa dakika moja, lakini husalimu, hutania, hubembeleza, huapa na hutoa pole. Lugha yake ni nzima ingawa si sanifu. Lugha ya amri, hata ikipatanishwa ngeli zote, hubaki kilema. Kosa la ngeli husameheka papo hapo. Kosa la heshima hukaa moyoni. Vivyo hivyo twamjibu asemaye kwamba mgeni na ajifunze Kirundi, kilicho lugha ya nchi nzima. Na ajifunze, nasi tutamsifu; lakini Kirundi nacho hakistahili kupunguzwa kikawa orodha ya amri.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote: mgeni ndiye mlipaji, na mshahara wa mwalimu hautoshi. Hatuidharau njaa ya mwalimu. Diploma haijazi sufuria. Lakini seremala hakubali kutengeneza kiti cha miguu miwili kwa kuwa mnunuzi ana haraka. Anajua kwamba mnunuzi akianguka, jina litakalotajwa mtaani ni la seremala. Na sisi jina letu litatajwa kila mara mgeni atakapofungua kinywa.

Kwa hiyo twatoa rai zifuatazo kwa chama chetu na kwa kila mwalimu binafsi. Kwanza, somo la mwanzo kwa mgeni yeyote liwe salamu, majina, pole na asante, na lisipungue wiki nzima. Pili, umbo la amri tupu lisifundishwe kabla ya „naomba” pamoja na kitenzi kiishiacho kwa -e. Tatu, mume na mke wasome pamoja, hata yule anayedai kwamba ofisini hakihitaji, ili nyumba isiwe na mmoja anayesikia na mwingine anayepiga kelele. Nne, sehemu ya masomo ifanyike nje ya ukuta: sokoni, arusini, na hata penye msiba, maana hapo ndipo mgeni atakapoona kwamba Kiswahili kina maneno mengi zaidi ya kufariji kuliko aliyofundishwa ya kuhimiza. Tano, neno „boi” lifutwe katika madaftari yote, na watu waitwe kwa majina yao au kwa majina ya watoto wao, Mama fulani na Baba fulani, kama tuitanavyo sisi kwa sisi. Sita, mpishi au yaya anayesaidia kufundisha alipwe kwa saa zile kama mwalimu. Mgeni akisha kumlipa mtu kwa maneno yake, ataanza kuyasikiliza.

Najua hapana: tunajua kwamba rai hizi hazitampendeza kila mmoja wetu, hasa ya pili, inayotutaka tuanze na umbo ambalo vitabu vingi huliweka mbali. Tunaomba zijadiliwe katika mikutano ya matawi, na anayezipinga aandike katika kurasa hizi, aonyeshe kwa mifano jinsi mtu anavyoweza kuishi na watu kwa miaka miwili akiwa na vitenzi vya kuamuru peke yake.

Heshima si utumwa, walisema wahenga. Wala kumfundisha mgeni heshima si kumnyanyasa. Walisema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la kwanza la mgeni katika nchi yoyote ni lugha, maana kwa hiyo hulima pamoja na wenyeji. Basi walimu wenzetu, tumpe jembe. Tusimpe fimbo.