Pikipiki ya Kwanza Iwe Ndogo

Mzazi akiuza ng'ombe ili amnunulie mwanawe pikipiki, mara nyingi kijana hudai yenye injini kubwa, wenzake wasimcheke. Sisi tunasema asipewe. Kwa anayejifunza, injini ya cc 100 au 125 inatosha kabisa.

Kabla ya kulipa, kijana mwenyewe aikalie. Nyayo zote mbili zikanyage chini bila visigino kuinuka. Asiyefika chini huelemewa hata anaposimama tu kwenye mchanga au tope. Chombo humlalia mguu, nalo bomba la moshi likiwa la moto humuunguza. Ajaribu breki zote mbili, atazame na matairi.

Fedha zinazobaki si za redio wala taa za urembo! Zinunue kofia ngumu mbili, ya dereva na ya abiria. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kwa waliopata ajali, kofia hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi, na ya kufa kwa asilimia 42. Ila ifungwe kamba kidevuni. Isiyofungwa huchomoka kabla kichwa hakijafika kwenye lami.