Mgeni Haijui Saa ya Bahari



Likizo ya Disemba inakaribia, na nyumba nyingi za Mombasa, Kilifi na Kwale zitapokea jamaa kutoka bara. Miongoni mwao wamo ndugu zetu wa Bahati, Nakuru, watakaosafiri zaidi ya kilomita 600 ili watoto wao waione bahari. Kwetu sisi mgeni hulishwa, hulazwa na hulindwa. Katika hayo matatu, la tatu ndilo tunalolisahau tufikapo ufukweni.

Mtoto wa Bahati amekulia nchi ya juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa lililo jirani naye ni la Nakuru, lenye maji ya magadi, ndani ya hifadhi ya wanyama. Si mahali pa kuogelea. Hajapata kuona maji yanayoondoka na kurudi siku hiyo hiyo. Watoto wetu huyajua hayo tangu utotoni, ndiyo maana hatukumbuki kumweleza mgeni.

Basi tumweleze kwa kalenda ambayo tayari anayo nyumbani kwake, ya mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu katikati ya mwezi wa Kiislamu, siku zinazofuata huwa za bamvu. Siku hizo, hapa Mombasa, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa sana mnamo saa kumi alasiri. Asubuhi mgeni huona mchanga na mawe hadi karibu na mwamba, akadhani ni nchi kavu, akaenda mbali na watoto. Maji yanaporudi hutangulia kujaza mabonde yaliyo nyuma yake, naye yungali amesimama pakavu. Kanuni ni moja: maji yakianza kurudi, sote turudi. Tukumbuke pia kwamba nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Saa ya leo si ya juma lijalo.

La pili ni tyubu. Katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, maarufu kwa jina la Pirates, tyubu za magari hukodishwa hata kwa wasiojua kuogelea. Tyubu huelea, lakini haimshiki mtoto. Mkono ukiteleza, yeye huzama nayo ikaendelea kuelea. Mtoto asivuke maji ya kiunoni, na mtu mzima awe karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono. Mtu huyo ateuliwe kwa jina kabla ya kushuka, na simu aiache mkobani. Mtoto aliyeachiwa watu wote hana wa kumtazama.

La tatu latuhusu sisi akina mama. Buibui likilowa huwa zito na kufunga miguu. Sitara haipingani na usalama: lipo vazi jepesi la kuogelea lifunikalo mwili wote. Na asiyejua kuogelea asimfuate anayezama kwenye kina, asije wakazama wawili. Apige ukelele, arushe dumu tupu lililofungwa kifuniko, au leso mbili zilizofungwa pamoja. Aliyetolewa majini bila pumzi asining'inizwe kichwa chini wala asikandamizwe tumbo. Apuliziwe pumzi mdomoni na ashindiliwe kifua, huku wengine wakitafuta gari la kumfikisha hospitali.

Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa uliitenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama. Kwetu siku hiyo ni kila asubuhi wageni wanapouliza njia ya baharini. Uhai wa mtoto wa mwenzio ni amana, na kumtegemea Mola hakumwondolei mja wajibu wa kuchukua hadhari.

Mwenyezi Mungu awafikishe wageni wetu salama, na awarudishe Bahati wakiwa kamili kama walivyokuja. Amin.