Ukaguzi Si Risiti: Mashine ya Maziwa na Hadaa ya Kujiajiri

Kila msimu wa mahafali viongozi wetu husimama jukwaani wakawaambia vijana waliovaa majoho: msitafute ajira, jiajirini. Ni kauli isiyomgharimu msemaji hata senti. Leo nataka kuipima kwa biashara ndogo iliyo karibu nasi: ile mashine ya kuuzia maziwa ambayo wakazi wa mitaa yetu hapa Kenya huiita ATM.

Manufaa yake hayana ubishi. Mnunuzi huja na chupa yake, hutoa shilingi 20 au 100, na mashine humpimia kiasi kinacholingana na fedha zake. Halipii pakiti, wala halazimiki kununua nusu lita wakati mfuko wake unaruhusu kikombe kimoja tu. Biashara hii naiheshimu.

Nisichokiheshimu ni mahubiri kwamba mashine hujiendesha yenyewe, na kwamba mwenyewe huvuna fedha akiwa usingizini. Maziwa hupashwa moto kwa nyuzijoto 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa nusu saa, ili kuua vijidudu. Baada ya hapo usalama wake hutegemea baridi ya takriban nyuzijoto 4. Tangi na mipira yake havina budi kuoshwa kila siku. Umeme ukipotea usiku kucha, nani analala?

Tufanye hesabu ya mfano. Tuchukulie kwamba kijana hununua lita kwa shilingi 70, akaiuza kwa 80. Akiuza lita 100 kwa siku, hubaki na shilingi 1,000 kabla ya kodi ya chumba, umeme na mkopo wa mashine. Lita 100 zikiharibika kwa usiku mmoja wa giza, amepoteza shilingi 7,000, yaani faida ghafi ya siku saba. Kiwanda kikubwa kina jenereta. Yeye ana mshumaa.

Juu ya mzigo huo zipo leseni: kibali cha biashara cha kaunti, kibali cha afya ya umma, cheti cha afya cha anayehudumia chakula, leseni ya Bodi ya Maziwa, na muhuri wa idara ya mizani na vipimo. Mgala muue na haki yake mpe: kila kimojawapo kina sababu yake. Maziwa yasiyotunzwa hueneza magonjwa kama bruselosisi, na wapo walaghai wanaotia haidrojeni peroksaidi ili yasigande. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na mtoto wa mtaa wa mabanda hakutengwa humo. Kwa hiyo siko upande wa wanaotaka ukaguzi ufutwe.

Hasira yangu ni kwamba ukaguzi umegeuzwa ukusanyaji wa ada. Mwanafunzi wangu wa zamani, mwenye shahada ya uchumi na mashine moja, alinieleza kwamba maofisa wa idara mbalimbali wamemtembelea mara nyingi. Wote walidai kuona vyeti ukutani. Hakuna hata mmoja aliyetia kipimajoto ndani ya tangi. Je, hapo aliyelindwa ni mnywaji wa maziwa au hazina ya serikali?

Nitajibiwa kwamba kaunti zinahitaji mapato. Ni kweli. Lakini biashara inayofungwa katika mwezi wa sita hailipi ada ya mwaka wa pili. Kamba hukatikia pembamba: mwenye kiwanda huzigawa ada zake katika maelfu ya lita, ilhali kijana wa tangi moja huzibeba zote mgongoni.

Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti leseni za biashara, basi magavana wasisingizie Nairobi. Iwepo fomu moja na dirisha moja. Ada ilingane na ukubwa wa tangi, nayo ilipwe kwa awamu. Kila ziara ya mkaguzi iambatane na kupima joto, usafi na ujazo, na matokeo yabandikwe mahali mnunuzi anapoweza kuyasoma.

Nanyi watumishi wa umma mnaonisoma, mnajua kwamba mengi ya haya hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji mkaguzi abebe kipimajoto pamoja na kitabu chake cha risiti. Na ninyi wanafunzi, siku kiongozi atakapowaambia mjiajiri, mwulizeni mbele ya umati: katika kaunti yako, kijana mwenye mashine moja ya maziwa hupita ofisi ngapi, hulipa kiasi gani, na ni lini mara ya mwisho maziwa yake yalipimwa? Asipokuwa na majibu, msimpigie makofi.