Chaguo-msingi: Ni Nani Aliyechagua?

Katika orodha ya istilahi za kompyuta utakutana na neno chaguo-msingi. Maana yake ni programu au mpangilio ambao kompyuta huutumia yenyewe pale ambapo mtumiaji hakuamuru jambo jingine. Kisarufi neno hili limeundwa vizuri. Hata hivyo, kila ninapolifundisha huona kwamba linaficha jambo. Chaguo hutokana na kitenzi kuchagua, na kitenzi hicho hakikosi mtendaji. Basi jiulize: ni nani aliyechagua? Si wewe, kwa kuwa ulipoiwasha kompyuta kwa mara ya kwanza kila kitu kilikuwa kimekwisha kuamuliwa.

Hapa Rumonge fundi akikuundia mtumbwi hakuchagulii wavu, wala hakupangii kama utavua mikeke au ndagala. Ukimlipa, mtumbwi ni wako. Kompyuta haiko hivyo. Huja na kivinjari chake, habari zake za pembeni, ghala lake la mtandaoni na lugha yake, nayo mara nyingi kwetu huwa ni Kifaransa.

Nitakueleza lililonifanya niandike. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika insha kuhusu wavuvi wa ziwa letu. Aliponiletea niliiona dhaifu kuliko insha zake za daftarini: sentensi fupi fupi, vitenzi vitupu visivyo na viambishi vya kutosha. Nilipomuuliza, alijibu kwa unyenyekevu, "Mwalimu, kompyuta ilipiga mstari mwekundu chini ya maneno yangu, nikayaondoa." Neno walipoyaegesha lilipigwa mstari; wamekwishatandaza nalo pia. Kisahihishi cha tahajia kilikuwa kimewekwa katika Kifaransa, kwa hiyo Kiswahili chote kwake kilikuwa kosa. Mtoto aliyekuwa sahihi aliiamini mashine iliyokuwa haijui lugha yake. Siku hiyo nilielewa kwamba jambo hili si la mafundi peke yao.

Kuna na suala la fedha. Wengi wetu tunanunua intaneti kwa vifurushi vidogo. Programu ambayo hukuiomba, inayopakua picha na habari huku wewe ukisoma, inakula kifurushi ulichokinunua kwa faranga zako.

Usidhani kwamba malalamiko haya ni ya watu wa kijijini wasioizoea teknolojia. Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliishtaki kampuni ya Microsoft, na moja ya hoja kuu ilikuwa namna ilivyokifungamanisha kivinjari cha Internet Explorer na mfumo wa Windows. Huko Ulaya, mwaka 2009, kampuni hiyo iliahidi kuwaonyesha watumiaji ukurasa wa kuchagua kivinjari wakitakacho. Kisha ukurasa huo ukakosekana katika kompyuta za watu wapatao milioni 15, na mwaka 2013 Tume ya Ulaya ikaitoza kampuni faini ya euro milioni 561. Windows 11 ilipotoka mwaka 2021, mtu aliyetaka kuacha kivinjari cha Edge alilazimika kubadili aina moja moja ya faili na viungo. Kitufe kimoja cha kumaliza kazi hiyo kililetwa mwaka 2022, baada ya watu kulalamika. Kulikuwa pia na programu ndogo iliyoitwa EdgeDeflector, ambayo ilivielekeza kwenye kivinjari cha mtumiaji viungo vilivyolazimishwa kufunguka kwa Edge. Mwishoni mwa 2021 njia hiyo nayo ikazibwa.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Tangu mwaka 2024, kwa nguvu ya Sheria ya Masoko ya Kidijitali, mtumiaji wa Windows aliye Brussels anaweza kukisanidua kivinjari hicho kwa njia ya kawaida. Aliye Rumonge hakupewa haki hiyo, ingawa mashine ni ile ile. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Jumuiya ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2006. Mimi si mwanasheria, lakini sioni sababu ya wabunge wetu wa Arusha kutolizungumzia jambo hili. Nawe, kama raia, unaweza kuwaandikia. Na waweza kuwaandikia kwa Kiswahili.

Wakati tunasubiri, anza na mipangilio. Humo tafuta sehemu ya programu za chaguo-msingi, uweke kivinjari ukipendacho. Tafuta sehemu ya programu zinazoanza pamoja na kompyuta, uzime zile usizozijua kazi yake baada ya kuuliza. Mtandao wako uweke kuwa ni wa kupimwa. Hapo mfumo utapunguza kupakua mambo yake bila ruhusa. Kwa uandishi, LibreOffice hupatikana bure na ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Kazi ya kukiingiza Kiswahili katika programu za ofisi si ngeni: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Mwaka huo huo ulizaliwa mfumo wa Ubuntu, ambao waweza kuchukua nafasi ya Windows yote. Anayejua Kirundi atatabasamu, maana kwetu ubuntu ni utu, na kitu kitolewacho ku buntu hakilipiwi.

Nakuonya, hata hivyo, dhidi ya pupa. Wapo vijana wanaonakili amri wasizozielewa kutoka mtandaoni ili wang'oe kila kilichokuja na mfumo. Baadhi ya programu nyingine hutegemea sehemu za kile unachokichukia, na ukiking'oa zitakwama. Kinga dhidi ya virusi nayo imekuja na mfumo bila kuombwa, nami nakusihi uiache. Wala sisemi kwamba kila chaguo-msingi ni hila; anayeanza anahitaji mahali pa kuanzia. Ninalolikataa ni kufanya iwe vigumu kutoka hapo.

Mwanafunzi wangu tulikaa naye, tukabadili lugha ya kisahihishi, tukaifungua tena insha yake. Mistari myekundu ilibaki mitatu tu. Miwili ilikuwa makosa ya kweli. Wa tatu ulikuwa chini ya neno ndagala, ambalo kamusi haikulijua kwa kuwa wenzetu huliita dagaa. Nilimwambia aliache kama lilivyo, kisha nikamwonyesha kitufe cha kuliongeza neno katika kamusi.