Ekrani imekaa nyeusi, mashine inanguruma

Kwanza tunaomba radhi: wiki iliyopita gazeti liliwafikia Siku ya Nne badala ya Siku ya Kwanza. Wengi mliuliza sababu. Sababu ni ekrani ya kompyuta, na tunaona vema tuwaeleze yote, maana siku hizi vikundi vingi vinaweka hesabu zao ndani ya kompyuta, na kilichotupata sisi kinaweza kuwapata ninyi pia.

Mnakumbuka dada yetu mmoja anayekaa Ubelgiji alituletea ekrani kubwa ya inchi 27, aina ile wanayoiita 4K. Ina vidoti 3840 kwa upana na 2160 kutoka juu hadi chini, mara nne ya ekrani ya kawaida ya 1920 kwa 1080. Kwa kupanga gazeti ni raha tupu: kurasa mbili zinakaa pamoja, na hata mwenye miwani anasoma bila kuinama. Ile ya zamani tukaipeleka kwenye atelie ya kushona.

Lakini tangu tuifunge ilikuwa na tabia moja. Ukiwasha kompyuta, ekrani inaandika kwamba haipati kitu, inazima, halafu baada ya karibu dakika moja Windows inatokea kama vile hakuna kilichotokea. Tulizoea. Tulikuwa tunawasha, tunaenda kuweka maji ya chai, tunarudi. Ukweli ni kwamba tulikuwa na mgonjwa ndani ya nyumba, na sisi tukasema ndivyo alivyoumbwa.

Siku ya Posho, umeme uliporudi baada ya kukosekana siku tatu, tuliwasha. Feni ikazunguka, taa ya mbele ikawaka, ekrani ikakaa nyeusi. Tukangoja dakika tano, tukangoja saa nzima. Tukazima na kuwasha mara nne. Kimya.

Gazeti lilikuwa humo, lakini si gazeti lililotukosesha usingizi. Humo mlikuwa na hesabu za MUSO, kasha la kijani na kasha jekundu, na mgawanyo ulikuwa umekaribia. Daftari la karatasi lilikuwa limeachwa nyuma kwa miezi miwili, kwa sababu tulijiambia kompyuta inatosha.

Fundi alikuja, akatazama, akasema kadi mama imeungua, tutafute dola 150. Hatusemi alitaka kutuibia. Alikuta ekrani nyeusi, na wengi wangesema kama yeye. Feza hizo hatukuwa nazo. Mama mmoja akashauri tukope katika kasha jekundu. Mama mwekahazina akakataa wazi: kasha jekundu ni la mgonjwa na la aliyefiwa, haliwezi kumzika ordinatere. Kelele zikawa nyingi, na jioni ile tuliachana bila kuagana vizuri.

Kesho yake binti wa mwenzetu mmoja, anayesoma informatike, alipita kumchukua mama yake. Akauliza swali moja tu: “Mama, mashine imekufa, ama ni ekrani haisikii?” Akabonyeza kitufe cha herufi kubwa kwenye klavye. Taa ndogo ikawaka. Akabonyeza tena, ikazima. Akasema, “Huyu anapumua. Nileteeni ekrani ya zamani.”

Mama wawili wakaitoa atelie, imefungwa katika kitenge. Akaifunga kwa waya mwingine, akawasha, na hapo hapo maandishi meupe yakatokea kwa Kiingereza: tarehe na saa vimepotea, bonyeza F1 ili uendelee. Akabonyeza F1. Windows ikafunguka. Kabla ya mtu yeyote kupiga vigelegele akatoa flashi mfukoni na kunakili hesabu zote.

Basi kulikuwa na shida mbili, moja imejificha nyuma ya nyingine. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo bapa kama kifungo cha koti, jina lake CR2032. Ndiyo inayotunza saa na mipango ya mashine wakati hakuna umeme. Yetu ilikuwa imezeeka, na siku tatu za giza zikaimaliza. Mashine ikawa inasimama mlangoni, inauliza swali, inangoja jibu. Lakini swali lenyewe hatukuliona, kwa sababu ya shida ya pili, ile tuliyoizoea.

Shida hiyo ya pili ni ya lugha. Kompyuta inapoamka, kabla ya Windows kuingia, picha inatolewa na programu ndogo inayokaa ndani ya kadi ya grafiki yenyewe. Kadi yetu ni ya zamani kuliko ekrani. Ekrani ilikuwa imepangwa kuongea kupitia waya wa DisplayPort kwa toleo la 1.4, na programu ile ndogo haisikii toleo hilo. Windows ikishaingia inaleta programu yake kubwa, na hapo wanaelewana. Hata mwaka 2018 kampuni moja kubwa ya kadi ilitoa sahihisho kwa ajili ya jambo hili hili, kwa hiyo si sisi peke yetu.

Dawa ilikuwa rahisi kuliko maelezo. Betri tuliipata kwa mtengeneza saa pale soko la Kadutu kwa franka 3000. Kisha binti akabonyeza vitufe vya chini ya ekrani, akaingia katika menyu yake, akabadilisha DisplayPort kutoka 1.4 hadi 1.2. Sasa maandishi yanaonekana tangu sekunde za kwanza, na picha ni ile ile, kwani 1.2 inatosha kubeba 4K kwa picha 60 kwa sekunde.

Ikiwapata ninyi, msianze na bisibisi. Angalieni kwanza kama waya umeingia kwenye tundu la kadi ya grafiki. Mashine nyingi zina matundu mawili ya ekrani, na lile la kadi mama mara nyingi linalala kadi ikiwepo. Jaribuni taa ya klavye. Azimeni ekrani ndogo ya zamani, hata ya jirani. Waya wa HDMI pia unaweza kusaidia, ila kadi ya zamani kupitia HDMI huenda ikatoa 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde, na mshale utaonekana unaburuta miguu. Kama taa ya klavye haijibu na mashine inapiga mlio mara kadhaa, hapo ni shida ya ndani, mwiteni fundi, na mumhesabie milio ile. Ekrani yenyewe msiifungue kamwe. Ndani yake umeme unaweza kubaki hata prizi ikitolewa.

Neno juu ya lile sahihisho la kadi. Lipo, ni la bure, lakini sisi tumeliacha kwanza. Umeme ukikatika katikati ya kuliandika, kadi inaweza kufa kweli, na hapa Bukavu nani atakuahidi dakika kumi? Tutalifanya siku onduleri yetu itakapokuwa na betri nzima.

Mgawanyo utafanyika Siku ya Posho saa tatu asubuhi kama ilivyopangwa. Mama mwekahazina amekaa siku mbili anaandika upya daftari la karatasi, na anaomba kila mwenye kitabu chake aje nacho. Ekrani ya zamani haikurudi atelie. Iko chini ya meza, ndani ya kitenge chake.